Shajara ya mradi: boti ya futi 23 kutoka Mikindani hadi Kilwa Masoko bila kujaza mafuta njiani

16 Februari 2025: Hali ya kuanzia

Boti inayohusika ni ya faiba, haina paa, urefu wake ni futi 23, na inasukumwa na mashine moja ya kupachika ya nguvu farasi 40, ya aina ile ya zamani inayotumia petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo cha 50 kwa 1. Kazi yake ni kununua pweza na samaki katika vijiji vya pwani na kuwaleta Mikindani. Mafuta yamekuwa yakichukuliwa katika matangi mawili ya kubebeka ya lita 24 kila moja, na kwa mwendo tuliouzoea, lita hizo 48 hazikutosha kutufikisha Lindi, ambako ni zaidi ya maili 30, tukiwa bado na akiba ya kuaminika. Maili zote katika shajara hii ni za baharini, yaani mita 1,852 kila moja.

Tunataka kufika Kilwa Masoko, kama maili 90 kutoka Mikindani, huku theluthi moja ya mafuta ikiwa haijaguswa. Maana yake ni kwamba boti lazima iwe na mafuta ya maili 135 kabla ya kung'oa nanga.

Ushauri unaotolewa na kila mtu ufukweni ni kuongeza madumu. Kwa mwendo wetu wa kawaida boti inakula lita 1.2 kwa kila maili, hivyo maili 135 zinahitaji lita 162, ambazo kwa uzito wa petroli ni kama kilo 120, kabla hatujapakia barafu wala samaki hata mmoja. Boti iliyolemewa kiasi hicho haitabaki kwenye lita 1.2 kwa maili. Itazidi, na madumu yatalazimika kuongezwa tena. Kwa sababu hiyo kipimo kitakachotumika tangu mwanzo hadi mwisho ni lita kwa maili. Lita kwa saa, ambazo mafundi wengi huzitaja, hazisemi chochote kuhusu umbali hadi mwendo ujulikane.

23 Februari: Namna ya kupima, na jinsi mkondo ulivyotudanganya

Dumu jeupe la plastiki lilijazwa lita moja moja, na kila lita ikawekewa alama ya kalamu ya wino ubavuni, kisha mpira wa mafuta ukaunganishwa humo badala ya kwenye tangi. Mwendo ulisomwa kwenye simu kwa programu ya ramani inayopokea ishara za satelaiti. Njia ya majaribio ni kutoka mdomo wa ghuba ya Mikindani kuelekea Mgao. Upande wa Msimbati ulikuwa na maji matulivu zaidi, lakini huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na hatukuona sababu ya kwenda kurandaranda mle kwa ajili ya kupima mafuta.

Vipimo vya kwanza vilipendeza kuliko ilivyostahili. Kwa mwendo wa polepole boti ilitumia lita 0.73 kwa maili, nasi tukaanza kujipongeza hadi tulipogeuza omo (sehemu ya mbele ya boti) na kurudi kwa gesi ileile, tukapata lita 1.02. Nahodha mmoja mzee wa Mikindani alipoonyeshwa karatasi alisema, "Wanangu, maji ya huku yanakwenda kaskazini mwaka mzima, kinachobadilika ni upepo." Ndivyo ilivyo. Mkondo wa bahari unaotoka mashariki, katikati ya Bahari ya Hindi, unaipiga pwani ya Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kusini kidogo ya mpaka wetu na Msumbiji, na hapo unagawanyika: tawi moja linashuka kusini na jingine linapanda kaskazini likipita mbele ya Mtwara, Lindi na Kilwa. Wakati wa upepo wa kaskazi tawi hili hupungua nguvu, na wakati wa upepo wa kusi huongezeka.

Atakayeiga kazi hii apime kwenda na kurudi kwa gesi ileile. Tena asichukue wastani wa lita kwa maili za pande mbili, kwa kuwa jibu litazidi ukweli. Achukue wastani wa mwendo wa pande mbili, kisha lita za saa moja azigawanye kwa wastani huo. Sisi tulipata maili 7 kwa saa tukienda na 5 tukirudi, kwa hiyo mwendo wa kweli majini ni 6, na matumizi ya lita 5.1 kwa saa yanatoa lita 0.85 kwa maili.

Hali ya boti kabla ya kuguswa, ikiwa na watu watatu na mzigo wa kilo 200, ilikuwa hivi. Gesi ikifunguliwa yote, mashine ilifika mizunguko 4,300 kwa dakika na boti ikaenda maili 15 kwa saa, kwa lita 1.2 kwa maili. Kwa maili 10 kwa saa ilitumia lita 1.45. Kwa maili 6 ilitumia 0.85, na kwa maili 5 ilitumia 0.72.

Namba inayostahili kutazamwa ni ile ya maili 10. Nahodha anayetaka kubana mafuta kwa kawaida hurudisha gesi kidogo tu, boti inashuka kutoka maili 15 hadi 10 au 11, na yeye anaamini ameokoa. Kwa saa, ameokoa kweli; kwa maili, amejiingiza mahali pabaya kuliko pote. Katika mwendo huo boti haijapanda juu ya maji wala haijatulia ndani yake, bali inalipanda wimbi lake yenyewe bila kulimaliza, omo juu na tezi (sehemu ya nyuma) chini. Mpaka wa mwendo wa utulivu unakadiriwa kwa kuchukua urefu wa boti pale inapogusa maji, kwa futi, kutafuta kipeo chake cha pili na kuzidisha kwa 1.34. Boti yetu inagusa maji kwa futi 21, na jibu ni maili 6.1 kwa saa. Ama uende kwa 6 au upande kabisa. Katikati hapana faida.

16 Machi: Tumbo la boti

Bamvua la mwezi mpevu lilitupatia maji ya kutosha kuipandisha boti juu ya mchanga alfajiri, na maji yalipokupwa asubuhi tumbo lote lilikuwa wazi. Mwani na chaza wadogo walikuwa wameganda hadi kwenye mstari wa maji. Walikwanguliwa, tumbo likapigwa msasa na kupakwa rangi yenye madini ya shaba inayozuia viumbe kuganda, ambayo haikupatikana Mtwara na ilibidi iagizwe Dar es Salaam. Rangi, msasa na vibarua vyote vilitugharimu shilingi 310,000.

Jambo kubwa zaidi halikuwa katika mpango. Fundi wa faiba aligonga sakafu kwa mpini wa nyundo akasikia mlio mzito, akaomba ruhusa ya kutoboa tundu karibu na tezi. Yalitoka maji ya chumvi, yakaendelea kutoka. Sponji iliyojazwa chini ya sakafu ili boti isizame ilikuwa imenyonya maji kwa miaka, na haikuwa na njia ya kukauka. Sehemu ya sakafu ilikatwa, sponji ikatolewa kwa mikono na kupimwa kwenye mizani ya jirani ambaye kwa kawaida huitumia kwa magunia ya korosho: kilo 94. Kwa muda wote huo tulikuwa tukisafiri na abiria mmoja na nusu asiyelipa nauli.

Nafasi hiyo haikuweza kuachwa tupu, kwa maana boti ya faiba ikijaa maji bila kitu cha kuielesha itakwenda chini na mashine yake. Tuliijaza madumu matupu ya lita tano yenye vifuniko vilivyozibwa kwa gundi, yakabanwa yasicheze, na sakafu ikafungwa tena kwa faiba ikiwa na kifuniko cha kufunguliwa kwa ukaguzi. Madumu na gundi viligharimu shilingi 48,000. Kazi ya fundi ilimalizwa kwa makubaliano ya samaki, kwa hiyo siiandikii bei.

Matokeo: kwa maili 6 matumizi yalishuka kutoka lita 0.85 hadi 0.74. Kwa gesi yote boti sasa inafika maili 17 kwa saa, lita 1.06 kwa maili. Ukiacha tanga, hakuna hatua nyingine katika shajara hii iliyoleta tofauti kubwa kiasi hiki kwa fedha kidogo kiasi hiki.

13 Aprili: Propela

Mashine ya aina hii inatakiwa kufikia kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 gesi ikiwa wazi yote. Yetu ilikuwa ikiishia 4,300, dalili kwamba propela ya hatua (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ya inchi 13 ilikuwa kubwa mno kwa mzigo wetu na mashine ilikuwa ikilemewa. Tuliagiza ya inchi 11 kwa shilingi 365,000 pamoja na usafiri. Kabla ya hapo tulijaribu kuinyoosha na kuichomelea ile ya zamani, iliyokuwa na pengo kwenye jani moja. Ilitikisika kiasi cha kulegeza vishikizo vya mashine, ikatupwa.

Sasa mashine inafika mizunguko 4,750 na boti inapanda juu ya maji mapema zaidi. Anayetarajia muujiza wa mafuta hapa atavunjika moyo: kwa maili 6 tulipata lita 0.70 badala ya 0.74, na kwa gesi yote hakuna tofauti ya kutajika. Faida ya propela sahihi iko katika maisha ya mashine.

1 Juni: Tangi la chuma, lililoshindwa

Kwa lita 0.70 kwa maili, maili 135 zinahitaji lita 94.5. Lita 48 tulizonazo zikiongezwa tangi la 60 zinakuwa 108. Fundi wa kuchomelea alitengeneza tangi la bati la chuma la lita 60 kwa shilingi 180,000, na likafungwa chini ya benchi la nyuma, karibu na mashine, ili mpira uwe mfupi.

Lilishindwa kwa namna mbili. Kwanza, uzito wote ulikwenda tezi. Omo ilinyanyuka, tezi ikaburuta maji, na matumizi kwa maili 6 yakapanda hadi lita 0.78, kwa hiyo tangi lililoletwa kuongeza masafa lilikuwa likiyala. Pili, chuma na hewa ya chumvi havikai pamoja. Baada ya wiki chache mashine ilianza kukosa nguvu na kuzima, na chujio lilipofunguliwa lilikuwa na unga wa kutu na matone ya maji. Tangi lisilojaa hupumua hewa yenye unyevu. Usiku unyevu huo unageuka matone ukutani na kushuka chini ya petroli, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, na mpira unafyonza kutoka chini hukohuko.

Tulijaribu kulipaka rangi ndani. Petroli iliibandua rangi ikaishia kwenye kabureta. Shilingi 180,000 hizo zihesabiwe kuwa zimepotea, na asiwepo wa kuzirudia.

29 Juni: Tangi la pili

Tangi la plastiki nene lililotengenezwa mahsusi kwa boti, lita 60, liligharimu shilingi 420,000 likiwa na mikanda ya kulifunga. Chujio la kutenganisha maji na mpira mpya viliongeza 135,000. Safari hii tangi lilifungwa mbele kidogo ya katikati, juu ya sakafu na mahali penye upepo. Halikufichwa chini, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: ukivuja unatulia ndani ya ngama, chini kabisa ya boti, bila kuonekana na kusubiri cheche. TASAC, ambayo ndiyo inayokagua vyombo vidogo na kuvipa vyeti vya usalama, ina haki ya kuuliza tangi limefungwaje, na ni afadhali jibu liwe tayari.

Kulisogeza tangi mbele kulizaa tatizo jingine. Mpira mrefu wa kipenyo cha milimita 6 haukuweza kupitisha mafuta ya kutosha. Kwa mwendo wa polepole mashine ilikwenda vizuri, lakini kila gesi ilipofunguliwa ilikata pumzi baada ya dakika mbili, na pampu ya kuminya ikawa imejikunja bapa. Tulidhani ni kabureta, tukaifungua bure. Mpira wa milimita 10 uliondoa sehemu ya tatizo. Sehemu iliyobaki ilikuwa tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, lililokuwa jembamba na limeziba kwa chumvi. Pampu ilikuwa inavuta na tangi linavuta. Tulifunga bomba la hewa la pekee, lililopindwa juu kama shingo ya bata ili mawimbi yasiingie.

Oili isimiminwe moja kwa moja katika tangi kubwa, kwani inakaa chini. Tunachanganya kwanza katika dumu la lita 20 kwa oili mililita 400, tunatikisa, ndipo tunamimina. Mchanganyiko unaobaki zaidi ya mwezi mmoja tunautoa, kwa sababu unaacha utando kwenye kabureta.

Kwa uzito kukaa mbele, boti imelala sawasawa majini. Matumizi kwa maili 6: lita 0.68.

10 Agosti: Plagi na tanga

Mashine hii haikutengenezwa kwenda polepole kwa saa nyingi. Baada ya saa tatu za maili 6 kwa saa ilianza kukohoa, na plagi zilitoka nyeusi, zimeloa oili. Jibu la haraka la mafundi ni kupunguza oili katika mchanganyiko. Tulilikataa, maana hiyo ndiyo njia ya kuua mashine. Uchunguzi ulionyesha kidhibiti joto kimekwama wazi, hivyo mashine ilikuwa ikipoa kupita kiasi na kushindwa kuchoma oili yake. Kilibadilishwa, na sasa kila saa moja tunafungua gesi yote kwa dakika tatu ili kuteketeza masizi. Plagi za akiba na spana yake hazitoki botini.

Tanga lilikuwa wazo la yule nahodha mzee. Boti ya faiba isiyo na mkuku (uti wa chini) wa maana haiwezi kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, ila upepo ukiwa nyuma inasukumwa kama chombo kingine chochote, na upepo wa kusi kwa anayekwenda Kilwa ni upepo wa nyuma. Tulinunua tanga lililotumika la ngalawa, tukaweka mlingoti mfupi wa mti na foromali (mti wa kushikilia tanga) ya mwanzi, vyote kwa shilingi 160,000. Mara ya kwanza mlingoti uliwekwa katikati, na boti ikawa inataka kugeuka ubavu kwa kila wimbi. Uliposogezwa karibu na omo ikatulia. Tanga likiwa juu na gesi ikirudishwa, tunaendelea kwa maili 6 majini kwa lita 2.9 kwa saa badala ya 4.1.

Gharama zote hadi hapa ni shilingi 1,618,000. Kwa petroli ya kama shilingi 3,000 kwa lita wakati huo, tofauti kati ya lita 1.2 na 0.68 ilikuwa kama shilingi 1,560 kwa maili, kwa hiyo fedha hizo zinarudi baada ya maili 1,000 na ushei, bila kuhesabu mafuta yanayookolewa na tanga. Kuna gharama isiyoonekana katika hesabu hiyo, nayo ni barafu. Safari ya saa sita kwa mwendo wa zamani sasa ni ya saa kumi na tano, na barafu haijali kwamba tumeokoa mafuta. Tumeongeza unene wa sanduku la samaki, na bado tunabeba barafu zaidi.

17 Septemba: Kilwa Masoko

Tulisubiri kusi lipungue na siku za maji mafu, ambapo maji hayapandi wala kukupwa sana, tukasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, tukaondoka Mikindani saa kumi alfajiri tukiwa na lita 108. Tanga lilipandishwa baada ya Sudi. Mkondo ulitupa zaidi ya maili moja na nusu kwa saa, hivyo juu ya ardhi tulikuwa tukienda karibu maili 7.5. Lindi na Mchinga zilipita mbali kushoto. Mbele ya Kiswere upepo ulikatika kwa muda na mashine ikabeba kazi yote. Tuliingia Kilwa Masoko kabla ya machweo. Mafuta yaliyotumika yalikuwa lita 41.

Kurudi ni habari nyingine, na anayepanga safari asisome namba ya lita 41 peke yake. Upepo ulikuwa usoni, mkondo usoni, tanga na mlingoti vimelazwa, na mwendo juu ya ardhi ulishuka hadi maili 4.5 kwa saa huku mashine ikila lita 4.8 kwa saa kwa sababu ya mawimbi. Hiyo ni lita 1.07 kwa maili. Kutoka Kilwa hadi Lindi ingekuwa kama lita 70, wakati mpaka wetu bila kugusa akiba, tukiondoka na matangi yaliyojaa, ni 72. Tuliondoka usiku wa manane upepo ukiwa umelala, tukakaa karibu na pwani ambako mkondo ni dhaifu kadiri miamba ilivyoruhusu, tukalala Kiswere, na siku iliyofuata tukafika Lindi tukiwa tumetumia lita 61. Mafuta yalijazwa Lindi kwa ajili ya kipande cha mwisho.

Kwa hiyo kwa msimu wa kusi boti hii inafika Kilwa kwa mkupuo mmoja na kurudi kwa vipande viwili. Vipimo vya wakati wa kaskazi, mkondo ukiwa mdogo na upepo ukisukuma kurudi nyumbani, vitaandikwa Januari. Kabla ya hapo mpira wa milimita 10 utabadilishwa karibu na kiungio cha mashine, ambako umeanza kupasuka kwa jua, na boti itapandishwa tena kwenye bamvua ili rangi ya tumbo ikaguliwe.